Kovu la Pajani, Doa la Ubongoni

Hotuba hii niliitoa mbele ya wagonjwa wa sakoma (saratani inayoanzia kwenye nyama za mwili), jamaa zao na wahudumu wa afya. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu wagonjwa, wazazi wangu, wauguzi, madaktari wenzangu, nawashukuru kwa kuja. Najua wapo humu waliotoka kwenye mionzi jana tu. Najua wapo waliowaacha wagonjwa wao mikononi mwa majirani ili waje kusikiliza. Sitawachosha kwa salamu ndefu. Naanza na kijana mmoja.

Aliletwa usiku na kaka yake, baada ya kuanguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa na miaka 26. Nilikuwa zamu. Nikamuuliza maswali tunayouliza wote: umewahi kuanguka kabla ya leo? Kuna mwenye kifafa kwenu? Umeumia kichwa? Unakunywa pombe? Yote alijibu hapana. Nikamwandikia dawa za kifafa, nikamwambia arudi baada ya mwezi. Alikuwa amevaa suruali ndefu. Sikumwambia aivue. Sikumuuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji. Na chini ya suruali ile, kwenye paja la kulia, palikuwa na kovu refu kama kiganja changu. Miaka mitatu nyuma alitolewa uvimbe hapo, akaambiwa yamekwisha.

Alirudi kabla mwezi haujaisha, wiki tatu tu, mkono wa kushoto haushiki kikombe. Safari hii tulimlaza, na muuguzi aliyekuwa akimbadilisha nguo ndiye aliyeliona. Akauliza, "Kaka, hapa palikuwa na nini?"

Mnasikia swali hilo? Maneno matano. Mimi sikuyauliza. Kipimo cha kichwa kilifanyika siku iliyofuata, na doa la saratani ile ile iliyotoka pajani lilikuwapo, upande wa kulia wa ubongo, ule unaotawala mkono wa kushoto. Je, ningeuliza siku ya kwanza, angepona? Siwezi kuwaapia. Lakini tungelikuta doa likiwa dogo kuliko tulivyolikuta, na mkono wake ukiwa bado unafanya kazi. Wiki tatu, ndugu zangu. Nimeishi na wiki hizo tatu kwa miaka mingi, na ndizo zilizonileta mbele yenu.

Nimekuja kuomba jambo moja, na nitalirudia: taja kovu lako. Ukiumwa chochote cha kichwa, ukianguka, ukiona mara mbili, mguu ukikataa kunyanyuka, popote utakapokwenda, kwa daktari yeyote utakayemkuta, taja kovu lako. Usingoje uulizwe. Mimi sikuuliza.

Sasa tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Saratani nyingi mnazozisikia, ya titi, ya utumbo, ya kizazi, huanzia kwenye tishu zinazofunika au kutanda ndani ya viungo. Sakoma haianzii huko. Inaanzia kwenye nyama za mwili: misuli, mafuta, mishipa ya damu, kano, ala za neva. Neno lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni nyama. Ni ugonjwa adimu. Katika kila saratani 100 za watu wazima, sakoma ni kama 1 tu. Na hiyo moja nayo ina aina zaidi ya 50, kila moja na tabia yake. Kwa hiyo msishangae mkikutana na daktari mzuri, mwenye uzoefu, ambaye hajaiona kwa miaka.

Tena mara nyingi haiumi. Hapo ndipo inapotudanganya. Mtu anapapasa donge pajani, halimuumi, anaendelea na shughuli zake. Na kweli, madonge mengi si saratani; yasiyo na madhara yanazidi sakoma zaidi ya mara 100. Basi lipi la kutia shaka? Lililozidi sentimita 5. Lililo ndani kabisa, chini ya ngozi na mafuta, ambalo haliteleziki ukilisukuma. Linalokua. Lililotolewa likarudi. Donge la namna hiyo lisikatwe kwa haraka na yeyote mwenye kisu. Lipigwe picha kwanza, lichukuliwe kinyama kwa sindano, kisomwe maabara, kisha wataalamu wakae pamoja wapange upasuaji. Ukikata bila kujua unachokata, unaacha mabaki, na mabaki hayo hayatulii.

Kabla sijaenda mbele nataka kuwaondolea mzigo mmoja. Mama mmoja alikuja kwangu akiwa amekunja majibu ya mwanawe, ameyakunja mara nyingi mpaka karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Akaniambia, "Daktari, kwanza mlisema ana saratani ya mguu. Sasa wamesema ana saratani ya ubongo. Mwanangu amekosa nini hata apewe saratani mbili?" Alikuwa amekaa na wazo hilo siku nane bila kumwambia mtu. Nikamwambia, mama, ni moja. Seli iliyotoka mguuni ikaota ubongoni bado ni seli ya mguuni. Ukiikata na kuitazama kwenye darubini, inaonekana kama ile ya mguuni, haifanani na seli za ubongo. Jina lake linafuata kwao, linafuata ilikozaliwa. Ni sakoma iliyosambaa hadi ubongoni. Na hili si suala la maneno tu. Dawa zinachaguliwa kwa jina la kwao. Anayemtibu kana kwamba ni saratani ya ubongo iliyoanzia hapo hapo, anatibu ugonjwa mwingine.

Yule mama alivuta pumzi. Ugonjwa ulikuwa ule ule na uzito ule ule, lakini ulikuwa mmoja.

Sasa swali ambalo kila mgonjwa huniuliza. Ulikuwa pajani, umefikaje kichwani? Huko ni mbali!

Maji hufuata mkondo. Seli ya saratani haina miguu; inakwenda kule damu inakoipeleka. Saratani nyingine hupitia sana kwenye tezi za limfu, na ndiyo sababu mama mwenye saratani ya titi hupapaswa kwapani. Sakoma, ukiacha aina chache, haipotezi muda huko. Inaingia kwenye damu.

Nifuateni pole pole. Seli imebanduka kwenye uvimbe wa pajani. Imepenya ukuta wa vena ndogo. Vena zote za mguu zinapanda kwenda moyoni, upande wa kulia. Je, upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kwenda wapi? Mapafuni, ahsante binti. Mapafuni, yote, kabla haijakwenda mahali pengine popote. Na huko mapafuni damu inapita kwenye vimishipa vyembamba mno, vyembamba hata chembe nyekundu ya damu hujikunja ili ipite. Seli ya saratani ni kubwa kuliko chembe hiyo. Inanasa. Nyingi zinafia hapo, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Chache zinashika. Zinaota.

Mapafu ni chujio la damu yote itokayo mwilini. Ndiyo maana sakoma ya mkono au mguu ikisambaa, kwa kawaida mapafu ndiyo mahali pa kwanza. Na ndiyo maana tunawaita kila baada ya miezi michache mpigwe picha ya kifua hata kama hamkohoi.

Mzee mmoja alinikasirikia kwa sababu ya picha hizo. Alikuwa fundi wa kuezeka, mtu wa kazi, na kila akija kliniki anapoteza siku. "Daktari, mimi niliumwa shavu la mguu. Mguu umepona, napanda ngazi. Kifua changu mnakitafutia nini?" Nikamchorea kwenye karatasi: mguu, moyo, mapafu, moyo tena, kichwa. Mstari mmoja. Akautazama muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo mapafu ndiyo mlango?" Nikamjibu, ndiyo, mzee wangu, mapafu ndiyo mlango wa ubongo. Akapiga picha. Ile ya mwaka wa pili ilionyesha kinundu kimoja, hakijafika sentimita 2, pafu la kushoto. Kilitolewa. Aliichukua ile karatasi yangu akaenda nayo nyumbani, na sijui kama nimewahi kuchora kitu kingine kilichofanya kazi kubwa kama ule mstari.

Kwa nini nasema mlango? Kwa sababu kinundu kikishaota pafuni, seli zake zinazobanduka hazikutani tena na chujio. Zinaingia kwenye vena za mapafu, zinashuka upande wa kushoto wa moyo, na upande wa kushoto unasukuma damu mwili mzima. Ubongo una uzito wa kilo 1.4 hivi, sehemu ndogo sana ya mwili, lakini unapokea kama asilimia 15 ya damu yote moyo unayosukuma. Ni mlaji mkubwa. Basi seli iliyo njiani ina nafasi nzuri ya kupelekwa huko. Ikifika, inasafiri na mshipa unaozidi kuwa mwembamba mpaka pale ubongo wa kijivu wa juu unapokutana na ubongo mweupe wa ndani. Hapo mishipa inabana ghafla. Seli inakwama. Mtaalamu wa radiolojia anaposoma picha ya kichwa cha mgonjwa wangu, mpaka huo ndio anaoutazama kwanza.

Kwa wagonjwa wengi, basi, ubongo hufuata baada ya mapafu. Si wote. Wapo watu wenye tundu dogo la kuzaliwa kati ya vyumba vya juu vya moyo, kama mtu 1 kati ya 4, na wengi wao hawajui kwa sababu haliwasumbui. Damu kidogo inaweza kukatiza hapo bila kupita mapafuni. Lakini kanuni ni ile niliyoichora.

Je, kila mbegu inayofika inaota? Hapana. Na hapa nataka mtege masikio, hasa ninyi mliokaa nyuma ambao nawaona mmeanza kushika vichwa. Mwaka 1889, daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Alitaka kujua kwa nini ugonjwa ulipendelea viungo fulani ukaviacha vingine, ilhali damu inafika kote. Alisema mbegu za mmea hupeperushwa kila upande, lakini huota tu zikianguka kwenye udongo unaozifaa. Kwa sakoma, ubongo si udongo mzuri. Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa wa sakoma kwa ujumla zinaonyesha kuwa kati ya mtu 1 na watu 8 katika kila 100 ndio hufikwa na jambo hili. Wengine wote, ubongo haufikiwi. Sikuja kuwatia hofu ya kila kichwa kinachouma. Nimekuja kwa sababu ya hao wachache, ambao wasiposemewa hakuna anayewafikiria.

Kuna jambo moja linalofanya udongo huo mgumu ugeuke kuwa maficho. Mwishoni mwa karne ya 19, Paul Ehrlich huko Ujerumani aliwachoma wanyama rangi kwenye damu. Viungo vyote vikabadilika rangi isipokuwa ubongo. Baadaye mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, akafanya kinyume: akaitia rangi kwenye maji yanayozunguka ubongo, na safari hii ubongo ukapata rangi, mwili ukabaki vilevile. Kumbe kati ya damu na ubongo kuna kizuizi. Kuta za mishipa ya ubongo zimeshonwa kwa mshono wa karibu mno, na kinachopita kinachaguliwa. Mungu alituwekea ulinzi. Lakini ulinzi huo haujui kubagua baina ya sumu na dawa. Doksorubisini, dawa ambayo wengi wenu mmeipata, ile nyekundu, haipenyi vizuri hapo. Kwa hiyo inatokea mgonjwa anatibiwa, vinundu vya mapafu vinapungua, nyumbani watu wanashangilia, na wakati huo huo seli chache zilizokwisha kuvuka ukuta zinakua bila kuguswa. Ndiyo maana sifurahii sana picha nzuri ya kifua inapokuja na mgonjwa anayeniambia, "Siku hizi nasahau majina ya watoto."

Niseme kidogo kuhusu aina. Baadhi ya sakoma hufika ubongoni mara nyingi kuliko nyingine. Anjiosakoma, inayoanzia kwenye kuta za mishipa ya damu, ni mojawapo, na madoa yake yana tabia ya kuvuja damu. Leiomiosakoma, ya misuli laini, ikiwemo ya mfuko wa uzazi, nayo hufika. Lakini kuna moja nataka mlijue jina lake hata kama ni refu: sakoma ya alveola ya sehemu laini. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952. Ni chini ya 1 katika kila sakoma 100 za tishu laini, na inawapata zaidi vijana, kati ya miaka 15 na 35, mara nyingi pajani. Inakua taratibu. Inakua taratibu hata mtu anaizoea. Na hii ndiyo inayokwenda ubongoni kuliko karibu zote.

Nilimwona binti wa miaka 22 aliyekuwa na donge pajani tangu akiwa sekondari. Lilikuwa halimuumi. Alikuwa amehama kutoka sketi za kubana kwenda magauni mapana, basi, hayo ndiyo matibabu aliyojipa. Aliyemleta hospitali hakumleta kwa ajili ya donge. Alimleta kwa sababu ya kuumwa kichwa na kutapika kila asubuhi, na kila aliyemwona alimpima mimba kwanza. Nyumbani walishaanza kumtazama vibaya. Alipimwa mimba mara tatu. Mara tatu majibu yakatoka hana. Hakuna aliyejiuliza, kama si mimba, ni nini? Na yeye aliona haya kusema ana kitu pajani. Mficha maradhi, kilio humfichua, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mimi nauliza, tulimpa binti yule nafasi gani ya kutoficha? Tulipompiga picha, kulikuwa na madoa mawili kichwani na vinundu vingi mapafuni, na donge la paja lilikuwa na sentimita 9.

Kwa aina hii na kwa anjiosakoma, miongozo ya wataalamu inashauri ubongo uangaliwe kwa picha tangu mwanzo, hata kama mgonjwa hana dalili. Wewe ambaye kinyama chako kilisomwa, unajua jina la aina yako? Si "sakoma" tu. Jina lote. Kama hulijui, uliza. Ni haki yako.

Nije kwenye dalili, na hapa nasema na ninyi mnaoishi na wagonjwa, kwa sababu mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kuona.

Kichwa kinachouma zaidi alfajiri, kikipungua ukishaamka na kutembea, kwa sababu kulala kunaongeza shinikizo ndani ya fuvu. Kutapika bila tumbo kuuma. Kuanguka kifafa, au mkono kucheza wenyewe dakika mbili ukatulia. Upande mmoja kulegea. Maneno kukwama. Kuyumba kama mlevi, kama doa lipo nyuma kisogoni. Tabia kubadilika: mpole akawa mkali, msafi akaacha kuoga. Na jueni kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawaumwi kichwa kamwe. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Kinachouma ni ngozi zake na mishipa. Msingoje kichwa kiume.

Mwanamke mmoja aliletwa na binti yake wa miaka 11. Nasema aliletwa na mtoto kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu wazima wa nyumba ile walisema mama amechoka tu. Mtoto aliniambia, "Daktari, kandambili ya kushoto ya mama inabaki mlangoni." Nikamwambia aeleze. Akasema mama akitoka chumbani, kandambili ya kushoto inamvuka, na yeye anaendelea kutembea na mguu mmoja mtupu bila kujua. Mtoto anaikuta mlangoni, anamkimbizia. Kila siku, kwa wiki mbili. Tena akasema, "Na akivaa shati, mkono wa kushoto anausahau."

Nimesoma vitabu vingi vya neva. Sijakutana na maelezo bora ya doa la upande wa kulia wa ubongo kuliko ya mtoto yule. Mama hakuwa akiuhisi upande wake wa kushoto, na kwa kuwa hakuuhisi, hakuweza kuja kunilalamikia. Nikamuuliza mtoto, mama aliwahi kuugua nini? Akajibu bila kusita: "Alikatwa uvimbe hapa," akanionyesha bega lake mwenyewe. Mtoto alilitaja kovu. Siku ile ile tukaomba MRI ya kichwa, ile ya kuchomwa dawa mshipani ili madoa yaonekane vizuri, kwa sababu hiyo huona vidogo ambavyo kipimo cha CT kinaweza kuvikosa. Doa lilikuwa moja.

Mgonjwa akianguka kifafa nyumbani, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na umpeleke hospitali. Ukifika, sema: alikuwa na sakoma.

Je, kuna la kufanya baada ya hapo? Lipo. Wapo wanaosema ikifika kichwani basi, mrudisheni nyumbani. Sikubaliani nao, na nitawaambia kwa nini, bila kuwaficha ukweli kwamba huu ni ugonjwa mzito na kwa wengi hatuuondoi.

Kwanza kuna maji. Doa likiwa dogo bado linaweza kuzungukwa na uvimbe wa maji mkubwa kulizidi, na mara nyingi maji hayo ndiyo yanayoleta dalili. Deksamethasoni hupunguza maji hayo, na nimeona mtu aliyeletwa kwa machela akitembea baada ya siku mbili. Familia hudhani amepona. Hajapona, ametulizwa, nasi tumepata muda. Vidonge hivyo vinapandisha sukari, vinaleta njaa, vinanyima usingizi, na visikatishwe ghafla; vinapunguzwa kidogo kidogo na daktari.

Kisha kuna upasuaji. Mwaka 1990 Roy Patchell na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 48 wenye doa moja ubongoni, wengi wao wa saratani nyingine. Waliopasuliwa kisha wakapata mionzi waliishi kwa wastani wiki 40. Waliopata mionzi peke yake, wiki 15. Wapo watakaosema wiki ni wiki tu. Waulizeni wenye nazo. Kwa sakoma upasuaji una uzito wa pekee, kwa sababu seli zake nyingi ni sugu kwa mionzi ya kawaida inayotolewa kidogo kidogo.

Na pale kisu kisipofika, kuna mionzi ya kulenga. Lars Leksell, mpasuaji wa ubongo wa Sweden, aliibuni fikra hiyo mwaka 1951, na mashine yake ya kwanza, Gamma Knife, ikaanza kazi Stockholm mwaka 1968. Miale kama 200, kila mmoja dhaifu, inaingia kutoka pande tofauti na kukutana pale pale kwenye doa. Njiani haidhuru sana. Pale inapokutana ndipo inapochoma. Dozi kubwa kwa mpigo namna hiyo inaweza kuizima hata sakoma sugu. Leo zipo mashine za aina nyingine zinazofanya kazi hiyo hiyo. Hazipatikani kila mahali, najua, na hilo linanichoma kila ninapomwandikia mtu rufaa ya mbali.

Dawa zinakuja pole pole. Yule binti wa magauni mapana alikuwa na ugonjwa ambao doksorubisini haiusaidii. Desemba 2022, Marekani iliidhinisha atezolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, kwa ajili ya aina yake hiyo hiyo. Katika wagonjwa 49 waliojaribiwa, takriban robo uvimbe wao ulipungua sana. Yeye hakuifikia. Walio nyuma yake wengine wataifikia.

Na tiba shufaa. Naomba msiisikie kama hukumu. Kumtuliza mtu maumivu, kumwezesha kulala, kumpa nafasi ya kusema na watu wake akili ikiwa timamu, hiyo ni tiba, na inaanza siku ile ile ya majibu.

Sasa chukueni zile kadi ngumu zilizo kwenye viti vyenu. Mwenye kalamu ampe jirani yake akimaliza. Andika aina ya sakoma, jina lote. Andika mahali ilipokuwa, kulia au kushoto. Ukubwa wake kwa sentimita. Daraja lake, yaani ukali wake, kama ulielezwa. Mwaka uliopasuliwa. Dawa na mionzi uliyopata. Tarehe ya picha ya mwisho ya kifua. Chini kabisa andika namba ya mtu mmoja anayekujua vizuri, anayeweza kuona kandambili ikibaki mlangoni. Nakala moja ikae na kitambulisho chako, nyingine mpe mtu huyo.

Yule mama wa kandambili alifanyiwa upasuaji, akapata mionzi. Alinijia kliniki miezi saba baadaye, amekuja na binti yake, kandambili zote mbili miguuni. Kadi yake ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mtoto, herufi kubwa kubwa, na kwenye mstari wa mwisho, pale pa jina na namba ya simu, mtoto alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na simu, akaandika: NIPO NAYE.

Mlio mstari wa nyuma, kama kadi hazijawafikia inueni mikono, wauguzi watawaletea.